Salfa, sufu na kosa la Nevenka

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mvua ya Juni inapiga bati, taa za barabarani za mji wa Geelong hazijazimwa, na Nevenka Brajković ameshaegemeza kifua kwenye sanduku la kioo. Mikono yake imezama hadi juu ya viwiko ndani ya glavu nene nyeusi zilizoshikizwa kwenye kioo hicho. Mbele yake, upande wa pili, kuna kisahani cha chuma kisichozidi kifungo cha koti.

Anaweka duara jeusi. Juu yake anaweka utando mweupe. Kisha anachukua bomba la matone, analileta karibu na kioo, naye anasogea mpaka pua yake inagusa, na kuisoma namba iliyo kwenye kidirisha chake.

"Ishirini," anasema kwa sauti.

Analishusha. Analiinua tena. "Ishirini." Mara ya tatu midomo inatikisika tu. Ndipo anapodondosha maji ya betri, anafunika, na kukibana kifuniko.

"Zamani nilikuwa nasoma mara moja," anasema bila kugeuka. "Mara moja ilinitosha miaka yote."

Nevenka ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kutengeneza betri ambazo bado hazijafaa kuuzwa. Upande mmoja wa betri hizo kuna madini ya lithiamu. Upande wa pili kuna salfa, ile ile ya manjano ambayo viwanda vya mafuta huirundika kama taka. Salfa ni rahisi na ni nyepesi. Betri yake, ikikubali kukaa sawa, inaweza kubeba umeme ule ule kwa uzito mdogo sana kuliko hizi za kwenye simu.

Tatizo ni kwamba haikubali. Kila betri inapochajiwa na kutumika, salfa huvimba, hupasuka, huyeyuka kidogo na kuhamia upande wa lithiamu, na isirudi. Kuichaji na kuitumia mpaka iishe huitwa mzunguko mmoja. Betri ya simu huvumilia mizunguko mamia kwa mamia. Kwa miaka miwili, betri za salfa za maabara hii zilikuwa hazifiki hata mia.

Mpaka Dakta Ruwanthi Gunatilleke, mwanamke mpole wa miaka thelathini na tisa anayeongoza kazi hii, alipofikiria sufu.

Huko nyuma mji huu uliishi kwa manyoya ya kondoo, na bado mabanda ya kunyolea hutupa vipande vichafu visivyonunuliwa na mtu. Ruwanthi alivichukua, akavioka kwenye tanuri lisilo na hewa mpaka vikawa makaa meusi yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Salfa ikiyeyushwa juu yake, makaa huinyonya na kuishika.

"Kwa mara ya kwanza ilikuwa na pa kulala," anasema Nevenka. "Kabla ya hapo ilikuwa kama mgeni asiye na kitanda, anazurura nyumba nzima."

Makaa hayo yenye salfa yanachanganywa na gundi na maji hadi kuwa uji mzito. Nevenka humwaga uji huo juu ya karatasi ya alumini na kuuvuta kwa kisu kirefu, polepole, uenee kwa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikaushwa kwa pupa, hupasuka kama tope la bwawa wakati wa ukame. Ukikaushwa kwa nyuzi sitini, taratibu, kutwa kucha, hubaki laini kama ngozi ya mtoto.

Ufundi huo hakuusomea. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha magari, chumba cha rangi, mpaka kiwanda kilipofungwa. Baada ya hapo alipata kazi ya kufagia na kupiga deki katika jengo hili, dola ishirini na tatu kwa saa. Siku moja alisimama na ndoo yake karibu na pipa la taka, akatazama karatasi nyeusi zilizotupwa humo, zote zina mistari.

"Nikamwambia Ruwanthi, 'Mwanangu, samahani, unavuta kisu haraka mno. Na uji wako mwepesi.' Alinitazama kama vile ndoo ndiyo iliyosema."

Ruwanthi anaikumbuka siku hiyo. "Nilimpa kisu ili nimwaibishe kidogo," anasema. "Alivuta mara moja tu. Nikaenda ofisini kuuliza mtu wa usafi anahamishwaje idara."

Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita. Sasa analipwa dola thelathini na sita kwa saa, kwa mkataba unaofuata uhai wa mradi. Na uhai wa mradi unaishia tarehe thelathini mwezi huu.

Saa nne ni saa ya chai. Katika maabara hii kuna desturi ambayo hakuna anayejua aliyeianzisha. Gordon Pascoe, mtunzaji wa mashine za kupimia, huja na karatasi yake, hukohoa kama kasisi, na kuwasomea betri zilizokufa tangu jana.

"Marehemu wa leo," anasema asubuhi hii. "Namba kumi na tisa, aliyefikisha mizunguko mia moja tisini na mmoja. Ameacha mama mmoja anayekunywa chai bila sukari."

"Soma, acha kelele," Nevenka anamjibu.

"Nev, unaua sana. Polisi wakija nitawaonyesha meza yako."

"Na mimi nitawaonyesha biskuti zangu ziko mfukoni mwa nani."

Wanacheka, lakini si kwa muda mrefu. Nevenka anafungua chupa ya kioo iliyo kando ya birika na kutumbukiza namba kumi na tisa humo. Chupa imejaa hadi shingoni. Wanabaki wanne: betri nne hai kati ya thelathini na mbili.

Ili kuelewa kwa nini hao wanne wana uzito moyoni mwake, ni lazima kurudi nyuma hadi Februari.

Mume wake, Zdravko, ana umri wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa mchomeleaji vyuma na mvutaji wa sigara, na mapafu yake yalipoanza kugoma hakujua amlaumu nani kati ya hao wawili. Sasa anaishi na mashine ya kumpa oksijeni, inayobebwa begani kama mkoba. Inakaribia kilo tatu, na betri peke yake inakaribia kilo moja. Kwa kasi anayoihitaji, inaisha baada ya saa tatu.

Zdravko ni mshabiki wa timu ya mpira ya mji, wanayoiita Paka. Kwenda uwanja wa Kardinia Park, kutazama mchezo mpaka filimbi ya mwisho na kurudi Norlane wanakoishi ni saa tano. Hajakanyaga uwanjani misimu miwili. Akibeba betri ya pili, mgongo unakataa. Kubebewa na mkewe hataki.

"Humwambia kila mtu kwamba mke wake anamtengenezea betri ya salfa," anasema Nevenka. "Kisha ananigeukia mimi: 'Hiyo betri yako itakuja nikiwa nimeshakuwa makaa. Labda hiyo salfa mje muilaze ndani yangu.'"

Tarehe kumi Februari alilazwa. Nevenka alikesha kwenye kiti cha hospitali siku mbili, na asubuhi ya tarehe kumi na mbili akaja kazini moja kwa moja, kwa sababu uji ulikuwa umekauka na usingemngoja. Alitengeneza betri thelathini na mbili kwa kutwa moja. Miwani yake ya kusomea ilikuwa imebaki kwenye kabati la kitanda cha Zdravko.

Betri hizo hazikufa.

Zilipita mia. Zikapita mia na hamsini. Kila saa nne Gordon alikuja na karatasi tupu na kusema, "Leo hakuna msiba, rudini kazini." Watu wa vyumba vingine walianza kuchungulia. Katikati ya Aprili, zote thelathini na mbili zilivuka mia tatu, kiasi ambacho wafadhili walikuwa wameandika katika mkataba: fikisheni mia tatu kwa maji machache, nasi tutawapa miaka mitatu mingine.

Desturi inasema anayevusha mia tatu alete keki. Hapakuwahi kuwa na aliyeileta. Siku moja kabla ya Ijumaa Kuu Nevenka alikuja na mkate mtamu wa kuviringisha, uliojazwa jozi, kama mama yake alivyokuwa akioka kwa Pasaka. Ruwanthi alikula vipande vitatu. Gordon alichukua kipande cha mwisho cha mkate na kukisifu kwa hotuba ndefu.

"Nilijiona mtu," anasema Nevenka. "Nilirudi nyumbani nimepaka rangi ya mdomo."

Tarehe mosi Mei, siku ya Alhamisi, betri moja ya kundi hilo ilikuwa imekufa kwa sababu ya kifuniko kibovu. Kazi ya Nevenka ni kuzipasua zilizokufa na kutazama ndani. Amepasua mamia. Betri ya salfa iliyokufa huwa kavu ndani kama ganda la karanga. Lithiamu hunywa yale maji kidogo kidogo kila mzunguko, mpaka yanaisha, na hapo ndipo kifo kinapokuja.

Hii ilipofunguka, ilitema maji.

"Yalishuka kwenye kidole cha glavu," anasema. "Nikatazama tone lile, na nikajua kabla sijajua."

Alitoa mikono, akafungua daftari lake. Kila betri hupimwa uzito ikishafungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika. Betri zote za tarehe kumi na mbili Februari zilikuwa nzito kuliko dada zao. Kila moja kwa kiasi cha punje mbili za mchele. Zote thelathini na mbili.

Siku iliyotangulia kundi lile, watu wa mradi mwingine walikuwa wametumia bomba lile lile na kulizungusha hadi sitini. Nevenka, bila miwani, nyuma ya kioo, ndani ya glavu zinazofanya vidole viwe kama soseji, aliona alama ya namba, na mkono wake uliozoea ukamwambia ni ishirini.

Alikuwa amezipa maji mara tatu.

"Betri hufa kwa kiu," anaeleza. "Ukiipa maji ya kuogelea, bila shaka itaishi. Lakini maji yana uzito. Tunafanya haya yote ili iwe nyepesi. Nilichotengeneza ni betri nzito inayoringa."

Wafadhili walikuwa wanakuja Jumatano. Ruwanthi alishachapisha mchoro mkubwa wa mstari usioshuka na kuubandika ukutani. Hakuna aliyekuwa amegundua chochote. Nevenka alifuta meza, akafunga daftari, akaenda nyumbani.

Anasema siku tatu zile alipika kupita kiasi. Jumapili mchana, Zdravko akiwa mezani mbele ya sahani ya majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama, alimuuliza nani amekufa.

"Betri," alimjibu, na kumwambia yote.

Zdravko alitafuna mpaka akameza. "Kule chumba cha rangi," akauliza, "tone likiteleza chini ya mlango wa gari, mahali ambapo hata mteja akilala chali haoni, mlikuwa mnafanyaje?"

"Unajua tulivyokuwa tunafanya."

"Nimesahau. Mimi mgonjwa."

"Tulikuwa tunaweka chaki, Zdravko."

Katika chumba cha rangi kulikuwa na sheria isiyoandikwa. Anayeona kasoro ya mkono wake mwenyewe huizungushia chaki ya manjano, ili gari lirudishwe. Akizungushia mwenzake, ni umbea. Akizungushia mwenyewe, hakuna anayeruhusiwa kumcheka siku hiyo.

"Lakini gari likirudishwa lilikuwa linapakwa tena," Nevenka alimwambia mumewe. "Hili halirudi. Wakijua, wanafunga. Ruwanthi, mimi, Gordon, wote. Na wewe na huo mkoba wako."

"Usiniweke mimi mle ndani," Zdravko alisema. "Sitaki kuvutishwa pumzi na maji ya wizi. Leta chumvi."

Jumatatu aliwahi kuliko siku zote. Ruwanthi alipoingia alikuta mstari wake mzuri ukutani umezungushiwa duara nene la manjano, na Nevenka amekaa chini yake, daftari mapajani, bado amevaa koti.

"Nini hiki, Nev?"

"Ni kosa langu. Soma uzito."

Ruwanthi alisoma. Akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma wa kundi jingine. Gordon, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, anasema alihesabu matone ya mvua dirishani kwa kukosa la kufanya.

"Nani mwingine anajua?" Ruwanthi aliuliza.

"Mume wangu."

"Ungeweza kukaa kimya."

"Nilikaa. Tangu Alhamisi. Ndiyo maana nimetengeneza kabichi ya kulisha kanisa."

Ruwanthi hakucheka. Alikwenda chooni, akakaa huko muda mrefu, akarudi macho yamevimba. Kisha akabandua mchoro na kuukunja. "Bado tuna uji?" akauliza.

Uji ulikuwepo. Kesho yake, tarehe sita Mei, Nevenka alitengeneza nyingine thelathini na mbili, kwa namba ishirini iliyosomwa mara tatu. Jumatano wafadhili walikuja, wakaambiwa ukweli wote, wakashukuru, wakanywa chai. Barua yao ilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa na mistari minne, na ile miaka mitatu haikuwamo.

Je, anajuta? Swali hilo linamfanya akune shingo.

"Watu wanataka niseme nimelala vizuri baada ya kusema. Sikulala," anasema. "Nilimuua mtoto wa mwenzangu. Ruwanthi ana nyumba ya kulipia na mama yake anaishi naye. Aliniokota kwenye ndoo. Sasa anaandika maombi ya kazi usiku na mchana, na ananisalimia vizuri kila asubuhi, na hiyo ndiyo inayonimaliza."

Ruwanthi mwenyewe, akiulizwa, anajibu polepole. "Nilimkasirikia. Sitasema sikumkasirikia. Wiki nzima sikuweza kumtazama mikono. Lakini watu wengi wa kazi hii wanamwaga maji mengi na wanaandika kwa herufi ndogo mwisho wa ukurasa, au hawaandiki. Ningeenda miaka mitatu nikijenga juu ya dimbwi."

Kinachouma zaidi ni kwamba makaa ya sufu hayakuwa uongo. Kundi la tarehe sita Mei, lenye maji machache, limefanya jambo ambalo hakuna betri ya salfa ya maabara hii iliyowahi kulifanya kwa maji hayo. Nyingi zimekufa baada ya mia na kumi, mia na thelathini. Lakini nne bado zinaishi. Iliyo mbele, iliyochomekwa kwenye tundu la saba la mashine ya Gordon, leo inasoma mia moja tisini na nane.

Nevenka ameshapiga hesabu nyuma ya bahasha. Betri hufanya karibu mizunguko mitano kwa siku. Ikiwa haitakufa, itafika mia tatu tarehe nane Julai.

Mradi unafungwa tarehe thelathini Juni. Tarehe mosi Julai mashine inakabidhiwa kwa watu wengine.

Baada ya chai, anamfuata Gordon kwenye chumba cha mashine. Chumba hicho kina joto na sauti ya feni nyingi. Anasimama mbele ya tundu la saba, mikono mifukoni.

"Gordon."

"Najua unalotaka, na jibu ni hapana."

"Ina matundu sitini na nne. Hao wanaokuja ni watu watatu. Watayajaza yote kwa siku nane?"

"Nev, sina amri hiyo."

"Sikuombi amri. Nakuomba usiguse swichi. Usifanye kitu. Hicho unakijua vizuri, umekifanya miaka kumi na mitano."

Gordon anamtazama juu ya miwani. "Mwanamke huyu ananitukana akiniomba msaada," anamwambia mtu asiyekuwepo. Kisha anafungua droo, anakata kipande cha utepe mweupe, anaandika juu yake *Usiguse – G.P.*, na kukibandika chini ya tundu la saba. Kimekaa upande. Anakibandua, anakinyoosha.

"Weka na chaki yako basi," anasema.

"Chaki ni ya kasoro," Nevenka anajibu. "Hii haina."

Tarehe mosi Julai hatakuwa na kadi ya kufungulia mlango. Ameshaenda kuuliza kazi ya usafi kule kule alikoanzia, wamemwambia wataangalia. Zdravko wiki hii amepanda ngazi tatu za mlangoni kwa kupumzika mara mbili, na daktari amebadilisha namba kwenye mashine yake, sasa betri inaisha mapema zaidi. Mke na mume wote wawili wanajua kwamba hata betri ya tundu la saba ikifika mia tatu, ni kifungo tu cha koti. Kutoka hapo hadi mkoba wa begani ni miaka, na miaka ndiyo wasiyokuwa nayo.

Bado mpango anao. Tarehe nane Julai atapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, atasimama pale mapokezi kama mgeni yeyote, ataandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, na kuomba Gordon ateremke kumchukua. Daftari atakuwa nalo.

"Nikikuta imekufa, nitaandika imekufa, saa na mzunguko," anasema, akirudisha mikono ndani ya glavu. Zimebaki betri kumi na mbili za kutengeneza katika kundi la mwisho, ambazo hatakuwepo kuzisoma. "Nikikuta mia tatu, nitaandika mia tatu. Halafu itatolewa, iwekwe kwenye mizani."

Nani ataipima?

"Ruwanthi. Au Gordon, au yeyote mwenye macho," anasema, na kuleta bomba karibu na kioo. "Mimi nitakaa upande wa pili wa meza, mikono nimeiweka waione."

Anasoma namba. Anaisoma tena.